Msumari Usiokuwepo

Kwenye karakana ya mjomba wangu, msumari hauna pa kulala. Kalenda imefungwa kwa kamba. Koti la kazi linaning'inia kwenye kigingi alichokichonga mwenyewe. Hata kibao cha nje, kilichoandikwa kwa rangi ya bluu kwamba hapa tunatengeneza samani, kimeshikwa kwa vigingi vya mbao. Mteja akileta stuli ya zamani irekebishwe, mjomba huing'oa misumari yake kwa koleo mmoja mmoja, mkono ameunyoosha mbali na mwili kama aliyekamata nge, halafu anaenda kuitupa kwenye kopo lililo nje ya mlango. Nje kabisa.

"Ukiona fundi anakimbilia msumari," husema, "ujue mbao zimemgomea."

Yeye hazimgomei. Ncha ya mbao moja huichonga ikawa kama ulimi, mbao ya pili huichimba tundu la kuupokea ulimi huo, anapaka gundi, anabana kwenye jiriwa, kazi imekwisha. Gundi ikishakauka, mbao hizo ni ndugu wa tumbo moja. Huwezi kuzitenganisha ila kwa msumeno.

Mimi nilikuja kwake nilipomaliza shule ya msingi. Shule yangu ilikomea hapo, nikapewa msasa. Unasugua mbao, unapitisha kiganja, unasugua tena, mpaka kiganja kikose cha kulalamikia. Na mtu anayesugua msasa kimya kwenye kona watu humsahau. Wanaongea, wananuna, wanachekeana mbele yake kama vile naye ni kipande cha mbao. Ndiyo maana naona mengi.

Fundi wa pili tunamwita Redio, kwa sababu hana swichi ya kuzimia. Anapiga randa akiongea, anakunywa chai akiongea, na mjomba anaapa kwamba siku moja alimkuta usingizini anabishana.

Basi akaja mama mmoja mkutubi, aliyepewa jukumu la kufungua upya chumba cha kusomea watoto. Alikuwa ameishi ng'ambo tangu ujana wake, akisoma na kufanya kazi, na alikuwa amerejea juzi juzi tu. Siku ya kwanza aliingia amekunja uso.

"Fundi, viti nilivyovikuta pale misumari yake imechomoza," alisema. "Inachana sketi za watoto. Wiki hii mmoja amechanika paja. Nataka viti visivyo na msumari hata mmoja, na ukiniambia haiwezekani nitakwenda kwa mwingine."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi uliovutwa pande zote mbili. Mjomba alichukua vipande viwili vya mbao, akauingiza ulimi kwenye tundu, akampa avivute. Mama akavuta, akavuta tena, uso ukakunjuka.

"Oh, lovely!" akasema. "That's so clever! Look at that!" Na mengine mengi ambayo hatukuyapata.

"Huyo tayari keshapanda ndege kurudi ng'ambo," Redio akaninong'oneza.

Wakakubaliana: tutengeneze kiti kimoja cha mfano. Kamati yake ikikipenda, tutengeneze vya chumba kizima, na meza, na rafu za vitabu. Alipotoka, Redio alirusha kofia juu. "Jamani, tukiipata hii kazi, tumetoboa!"

"Kwanza tuipate," mjomba akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe, mwanangu. Mguu wa nyuma, wa kushoto, utauchonga wewe."

Msasa ukanidondoka.

"Usinitumbulie macho. Miaka yote hii unaniangalia mikono, nadhani umeshaikariri. Kiti kikikubaliwa, pale dirishani nitakuwekea meza yako ya ufundi. Kisipokubaliwa, tutaendelea na msasa. Hatuna haraka."

Mimi nilikuwa na haraka, ila sikusema.

Nikauchonga ule ulimi kwa patasi, unyuzi kwa unyuzi, nikachimba na tundu lake. Ulipoingia ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayefunga mlango asiamshe wenzake. Mjomba alipitisha ukucha kwenye kiungo, akatafuta mwanya, hakuupata. Akasema, "Haya, lete gundi." Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Kiti kilipokauka na kung'arishwa, mkutubi akaja alasiri kukitazama. Akakikalia. Akajitikisa kulia na kushoto. Akainuka, akakipindua miguu juu, akapitisha vidole kwenye kila kiungo, taratibu, kama anayempapasa mtoto kujua kama ana homa. Alipofika mguu wa nyuma, wa kushoto, nilisahau kupumua. Kidole kikapita. Hakikukwama.

Akacheka kwa sauti. "Fundi! You nailed it!" Akapiga makofi. "Oh, you absolutely nailed it!"

Hapo hapo simu yake ikaita. Akasikiliza, akashika mkoba, akasema akiwa tayari mlangoni, "Kesho asubuhi nakuja na kamati," akaenda zake.

Tukabaki tunautazama mlango. Hata Redio.

"Amesema nini yule?" mjomba akauliza, polepole.

Kiingereza cha mjomba ni cha duka la vifaa vya ujenzi. Anajua yaliyoandikwa kwenye makopo na maboksi. Glue anaijua. Varnish anaijua. Na neno analolijua kuliko yote ni lile la kwenye boksi ambalo huwa analipita amegeuza uso.

"Neili," akajijibu mwenyewe. "Kasema neili."

"Mara mbili," Redio akasema. "Nilihesabu."

"You ni wewe. Nailed ni umepigilia misumari. Yaani kaniambia, wewe umekipigilia misumari." Sauti ikampanda. "Mimi! Nimepigilia misumari!"

"Na ile absolutely?"

"Hiyo itakuwa 'kila mahali'."

"Lo," Redio akasema. "Basi amekutangaza mwongo mpaka kwenye egemeo."

Nikakohoa. "Mjomba, nail ni ukucha pia. Shuleni kulikuwa na picha ya mkono, na mshale umeelekezwa kwenye kidole."

Redio akaruka. "Mkwaruzo! Kaona mkwaruzo wa kucha!" Wakakikamata kiti, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakakitoa kwenye mwanga, wakakikagua kama mzigo wa mpakani. Mkwaruzo haukuonekana. Redio alipata alama ya kidole gumba, ikawa ni yake mwenyewe.

"Hakuna ukucha hapa," mjomba akasema. "Ni msumari. Na alivyocheka! Na makofi juu! Kama aliyemfumania mwizi." Akaenda ukutani, akatungua msumeno. "Sawa. Kesho kamati ikija itakuta viungo viko wazi kama samaki aliyepasuliwa. Waone ulimi, waone tundu, kisha wautafute huo msumari kwa macho yao."

"Mjomba, gundi imekauka. Ukikata, hakuna kiti tena. Kamati itakalia nini?"

"Itakalia ukweli."

"Ukweli hauna miguu," Redio akasema, akatazamwa, akarudi kwenye randa yake.

Mjomba akakizunguka kiti akitafuta pa kuanzia. Akaliweka jino la msumeno. "Naanza na huu wa nyuma, wa kushoto. Ndio unaofikika."

Ule ulikuwa wangu. Nikausogelea, nikaushika kwa mkono, pale pale msumeno ulipolala.

"Mjomba, nipe nafasi niende hapo saluni."

"Saluni? Kusuka, leo?"

"Kuuliza. Mlangoni kwao kumeandikwa nails, kwa herufi kubwa. Hilo neno wao ndio kazi yao."

Akaniangalia mkono, akaniangalia usoni. "Nenda," akasema. "Msumeno utakusubiri, ila haulali njaa."

Saluni iko mlango wa pili. Dada mwenyewe alikuwa anapaka rangi kucha za mkono wake mwenyewe, wateja hakuna, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya nywele inaonyesha vichekesho. Nikamsalimia.

"Dada, mtu akikwambia you nailed it, kakutukana?"

Akacheka mpaka rangi ikamwagikia kidole. "Nani kakwambia hivyo, mpenzi?"

"Si mimi. Mjomba."

"Basi mjomba wako kapatia! Kaweza! Kapiga ndipo! Ni kama mtu na nyundo yake, pigo moja, msumari umezama wote, haukupinda. Mtu akienda kuulizwa maswali ya kazi akayajibu yote sawasawa, wanasema hivyo. Akiimba vizuri, wanasema hivyo. Mimi nikimsuka bibi harusi akatoka anameremeta, naambiwa hivyo hivyo."

"Hata kama hakuna msumari?"

"Hata kama tangu azaliwe hajaushika."

Miguu yangu ikawa myepesi. Nilikuwa nimeshafika kizingitini aliponiita. "Ila ngoja, mdogo wangu, nisikudanganye. Njoo uone." Akanipitishia picha kwenye simu. Keki ilikuwa imeporomoka upande mmoja, sukari inatiririka kama kamasi, na chini yake mtu ameandika maneno yale yale. "Kuna wanaosema kwa kucheka. Umeharibu, wanakwambia umepatia."

"Sasa mtu atajuaje ni ipi?"

"Unaangalia keki, mpenzi."

Nilirudi nikawaambia yote mawili. Ningeweza kubana la pili mfukoni, lakini mjomba angelisikia kwa mwingine, na msumeno ungekuwa na hasira mara mbili.

"Kwa hiyo ananicheka," mjomba akasema.

"Afadhali angekuita mwongo," Redio akasema.

"Jamani, dada kasema mtu aangalie keki."

"Keki imetoka wapi tena?"

"Keki ni hicho kiti. Kiangalie, mjomba. Usimwangalie yule mama, usiyafikirie maneno yake. Angalia kiti tu."

Akakiangalia. Alianza kwa hasira, lakini mjomba hawezi kukiangalia kiti kwa hasira muda mrefu. Aliinama, akafumba jicho moja, akapima mstari wa egemeo. Akasukuma kikalio kwa kiganja. Akapita mguu kwa mguu, na kwenye wangu akakaa zaidi kidogo.

"Hakina kosa," akasema, kama mtu anayelazimishwa kutoa ushahidi.

"Sasa ungecheka nini hapo?"

Nikaendelea hapo hapo, maana kuongea kwangu ni nadra, nikianza bora nimalize. "Na kuna jingine. Siku ya kwanza alipokuja amekasirika, alisema neno lolote la Kiingereza?"

Redio akafikiri. "Hata moja."

"Ulipompa zile mbao akazivuta, je?"

"Hapo ndipo alipopanda ndege."

"Yule mama akiudhika, Kiswahili chake kinanyooka. Akifurahi, Kiingereza kinamtoka. Leo kimemtoka. Asingeweza kukutukana kwa lugha yake ya furaha, mjomba."

Mjomba akajikuna kidevu, vumbi la mbao likamdondokea kifuani. "Lakini kwa nini msumari? Mtu unataka kumsifu fundi, maneno yote haya duniani, unachagua msumari?"

"Na sisi je? Redio alisema tukiipata kazi hii tumefanya nini?"

"Tumetoboa," Redio akasema.

"Na mwanao alipoajiriwa, mjomba, uliwatangazia majirani nini?"

Mjomba akaanza kutabasamu kabla hajataka. "Kijana katoboa."

"Alitoboa nini? Kwa keekee ipi? Mgeni akisikia atatafuta tundu. Wao wakifaulu wanapiga msumari, sisi tukifaulu tunatoboa. Wote ni mafundi tu."

Redio alicheka akapiga meza kwa kofi. Mjomba naye akacheka, kwa pua, kisha akakumbuka cheo chake. Aliondoa msumeno kwenye mguu wangu. Lakini hakuutundika ukutani. Aliulaza mezani, kando ya kiti.

"Kesho ndiyo itasema," akasema. "Akitamka msumari kwa Kiswahili, naukata ule mguu mbele yao wote."

Asubuhi nilifagia maranda mara mbili, ya pili bila sababu. Wakaja. Mbele mkutubi, nyuma yake mwenyekiti wa kamati, bwana mkubwa mwenye mwili na sauti ya kutosha watu wawili, na wajumbe waliokuwa wanaitikia kwa vichwa kila alichosema.

"Habari za asubuhi, Fundi," mkutubi akasema. "Tumekuja kukitazama kile kiti. Naomba uwaonyeshe viungo vyake."

Nikasubiri. Hakuna Kiingereza. Hata "please" moja. Sentensi imenyooka, uzi umevutwa pande zote mbili. Redio akanitupia jicho: vipi sasa? Mkono wa mjomba ukaanza kutembea juu ya meza, kuelekea kwenye mpini wa msumeno.

Nikamwangalia yule mama vizuri. Uso ulikuwa umekunjwa, ndiyo, lakini alipokitazama kiti ulikunjuka. Ulikunjika tena pale tu mwenyekiti alipofungua mdomo.

"Kiti ni kizuri, sikatai," mwenyekiti akasema. "Lakini hawa ni watoto. Watoto wanabembea kwenye viti. Mimi nataka kila kiungo kitiwe misumari, miwili miwili, kwa usalama."

"Mwenyekiti, hilo tumelizungumza njia nzima," mkutubi akasema. "Viti vilivyowachana watoto vilikuwa na misumari. Mimi sirudi huko."

Nikapumua. Ile hasira walikuja nayo kutoka njiani, haikuwa yetu. Ila mjomba alikuwa amesikia neno moja tu, na lilikuwa la Kiswahili. Msumeno ulikuwa tayari mkononi.

Sijui nilivyofika mbele. Najua tu kwamba nilikuwa kati ya mjomba na kiti, na nimeshaanza kuongea.

"Shikamoo, mwenyekiti. Karibu ukikalie."

"Marahaba. Mimi? Si cha watoto hicho?"

"Kitakubeba. Kaa, uegemee nyuma, miguu ya mbele iinuke. Bembea kama mtoto mtundu."

"Nikianguka?"

"Ukianguka, tutatia misumari."

Nyuma yangu nikasikia mjomba akivuta pumzi kama nimemtukania mama yake. Sikugeuka. Miguu ya mbele ikiinuka, uzito wote unakwenda kwa ile ya nyuma, na mmoja kati ya hiyo niliujua ndani na nje, kila unyuzi. Sikuwa na wasiwasi na ulimi wangu. Wasiwasi ulikuwa kwa kamati isiyojua inachokitaka.

Mwenyekiti akakaa. Kiti kikamezwa chote na suruali yake, kikanyamaza. Akaegemea kidogo, mikono ameitanua kama anayevuka ubao juu ya mtaro. Miguu ya mbele ikaacha sakafu.

Kwi!

Wajumbe wakaruka. Redio akashika kichwa. Mwenyekiti akaganda hewani, akainamisha macho.

"Ni viatu vyangu," akasema. "Ni vipya."

Akaegemea zaidi. Akarudi, akaenda tena. Mara ya nne au ya tano alikuwa hashiki kitu, na uso wake mkubwa ulikuwa umekuwa wa mtoto wa darasa la pili.

"Hakiyumbi!" akasema. "Mwalimu wetu alinichapa sana kwa mchezo huu. Hakiyumbi hata kidogo!" Akabembea mara nyingine ambayo haikuwa ya majaribio tena, akashuka, akajiweka sawa koti. "Fundi, tengeneza vyote. Usitie kitu."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa.

Mkutubi akapiga makofi, uso wote umefunguka. "Fundi! What did I tell them? You nailed it!"

Tukamgeukia mjomba, Redio amejiziba mdomo kwa kofia. Mjomba alikwenda ukutani bila haraka, akautundika msumeno kwenye kigingi chake, akajifuta mikono kwenye aproni. Akasimama wima kama mtu anayepokea tuzo.

"Ahsante sana, mama," akasema. "Ni kweli. Tumetoboa!"

Tabasamu la mkutubi likasita.

"Mmetoboa?" Kiswahili kikanyooka. "Mmetoboa wapi, Fundi? Mbona jana sikuona?"

Akakipindua kiti, akapiga magoti kwenye maranda na gauni lake zuri, akaanza kutafuta tundu kwa vidole, kiungo kwa kiungo. Mwenyekiti akainama kumsaidia. Wajumbe wakainama kumsaidia mwenyekiti.

Redio alitoka nje. Tulimsikia huko mtaani, anacheka peke yake kama aliyepagawa.

"Mweleze mama," mjomba akaniambia, midomo inamcheza. "Na ukimaliza, ondoa hayo mabaki ya mbao hapo dirishani. Meza yako haiwezi kukaa juu ya takataka."

Nikapiga magoti karibu na mkutubi. Vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye mguu wa nyuma, wa kushoto, vinapapasa, havipati kitu.

"Mama, usihangaike," nikamwambia. "Angalia keki."